Mfumo umekamilika lakini siyo wenyewe: kutafuta kosa kwenye mahitaji na visa vya matumizi

Simu ya wiki ya kwanza baada ya kukabidhi mfumo huwa haina salamu ndefu. "Mbona unafanya hivi?" Timu inakimbilia msimbo wa programu, inausoma mstari kwa mstari, inakesha, na mwisho inagundua kwamba msimbo hauna kosa. Umefanya kile ulichoambiwa. Kosa limelala kwenye sentensi iliyoandikwa miezi kadhaa nyuma, au kwenye sentensi iliyopaswa kuandikwa na hakuna aliyeiandika.

Nimefanya uchambuzi wa mahitaji kwa muda wa kutosha kuzijua dalili hizi kwa sura. Nimezipanga kwa jinsi unavyozisikia, yaani kwa malalamiko, siyo kwa majina ya darasani. Mifano mingi nimeitoa kwenye mfumo mmoja wa ghala, kwa sababu ghalani kosa la mahitaji halina pa kujificha: ama mzigo upo sakafuni, ama haupo.

Maneno mawili yawekwe sawa kwanza. Hitaji ni jambo ambalo mfumo lazima ulifanye, au sifa ambayo lazima uwe nayo. Kisa cha matumizi ni masimulizi ya jinsi mhusika fulani anavyoutumia mfumo kufikia lengo lake, pamoja na yanayotokea mambo yakienda kombo. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo watu huiruka.

Kabla ya yote: kosa liko upande gani?

Lichukue lalamiko, liandike kwa maneno ya aliyelalamika, kisha ingia kwenye hati ya mahitaji utafute sentensi inayolihusu. Utakutana na mojawapo ya mambo matatu.

Huenda sentensi ipo, iko wazi, na mfumo hauifuati. Hiyo ni hitilafu ya kawaida. Mpe msanidi airekebishe, kisha uliza ilipitaje kwenye majaribio. Chombo cha anga cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika Mars, na wengi huisimulia ajali hiyo kama mfano wa mahitaji mabovu. Sivyo. Hati ya makubaliano kati ya mifumo ilitaka vipimo vya metriki. Programu moja ya ardhini ikawa inatoa takwimu za msukumo kwa paundi-sekunde badala ya newton-sekunde, tofauti ya karibu mara 4.45. Hitaji lilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kupima kama limetimizwa.

Huenda sentensi ipo, ila wewe na mteja mnaisoma tofauti. Au haipo kabisa. Mwongozo huu unahusu hali hizi mbili. Na sentensi isipokuwepo, jizuie kumwambia mteja "lakini hukuomba". Watu hawaombi kitu wanachokiona cha kawaida kama kupumua. Kukiona na kukiandika ilikuwa kazi yako.

"Kila kilichoandikwa kimefanyika, lakini hiki siyo nilichotaka"

Hii ndiyo dalili kongwe kuliko zote, na ndiyo iliyonifunza kazi.

Meneja wa ghala moja alituambia: "Mfumo uzuie kutoa bidhaa kama salio ni sifuri." Sentensi fupi, inapimika, haina utata. Tuliiandika, msanidi akaitekeleza, mpimaji akaipitisha. Mwezi wa kwanza ulipokwisha, hesabu za mfumo na zile za sakafuni zilikuwa hazifanani hata kidogo, na meneja akasema mfumo una hitilafu.

Tulipekua msimbo siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mtunza ghala, bila kusema neno, tangu asubuhi. Kabla ya saa nne dereva alikuwa ameshafika kuchukua katoni ambazo mimi mwenyewe nilikuwa naziona pale sakafuni, na skrini inasema salio ni sifuri. Mzigo uliingia usiku. Karatasi zake zilikuwa bado ziko ofisini zikisubiri mtu wa kuziingiza. Mtunza ghala hakuonyesha kushangaa. Aliinua kibodi, akatoa daftari jembamba lenye jalada la bluu, akaandika tarehe, bidhaa, idadi na namba ya gari, akalirudisha chini ya kibodi, na dereva akaondoka na mzigo wake.

Daftari lile lilikuwa na kurasa kumi na tisa zilizojaa.

Hapo sababu ni mbili na zote ni za kawaida. Ya kwanza: tulipokea suluhisho tukadhani ni hitaji. Meneja hakuwa na haja ya kuzuia chochote. Alitaka mwisho wa mwezi ajue kilichopungua kilipungukia wapi. Kuzuia ilikuwa njia aliyoifikiria yeye, na sisi tukaipokea bila kuuliza. Ya pili: aliyeulizwa siye anayefanya kazi. Meneja anajua kazi ilivyopangwa. Mtunza ghala anajua inavyofanyika. Kati ya hizo mbili kuna daftari la bluu.

Tiba ya sababu ya kwanza ni swali moja la maneno mawili: "Ili iweje?" Rudia mpaka ufike kwenye jibu linalosimama lenyewe. "Uzuie kutoa." Ili iweje? "Ili salio lisiende chini ya sifuri." Ili iweje? "Ili mwisho wa mwezi nijue nani alichukua nini." Umefika. Sasa mna hitaji la kweli, na njia za kulitimiza ziko nyingi, ikiwemo kuruhusu utoaji kabla ya karatasi kufika huku mfumo ukiuwekea alama.

Tiba ya pili haina njia ya mkato: nenda ukakae. Usiende na maswali, nenda na macho. Tafuta madaftari, vikaratasi vilivyobandikwa pembeni mwa skrini, faili la Excel ambalo mtu mmoja tu analijua, kundi la WhatsApp ambamo idhini zinatolewa kwa kidole gumba. Kila kimojawapo ni kisa cha matumizi kilichoukimbia mfumo. Na usimkaripie mwenye daftari. Ukimkaripia atalihamishia mahali ambapo hutaliona tena, na mtaendelea na mambo ya funika kombe mwanaharamu apite.

Kitu kimekwama, na kila mtu anadhani ni kazi ya mwenzake

Oda imekaa siku nne. Ofisa mauzo anasema inasubiri ghala. Ghala linasema linasubiri idhini. Fungua hati, utakuta sentensi ya namna hii: "Oda ikiidhinishwa, taarifa itatumwa."

Kiswahili kina mtego wake hapa, na nashangaa hauzungumzwi zaidi. Kauli ya kutendwa ni tamu mno kwenye hati rasmi: itaidhinishwa, zitatumwa, itahakikiwa, zitahifadhiwa. Inasikika ya kiofisi, na inamficha mtenda kabisa. Pitia hati nzima ukitafuta vitenzi vinavyoishia na -wa, na kila unapokikuta kimoja uliza: na nani? Ukikosa jibu, umepata kosa. Sentensi ile ikitibiwa inakuwa: "Mkuu wa mauzo akiidhinisha oda, mfumo unamtumia mtunza ghala wa zamu ujumbe wenye namba ya oda." Sasa tunajua nani anaidhinisha, nani anatuma, nani anapokea. Na mara moja swali jipya linajitokeza: mkuu wa mauzo akiwa likizo je? Swali hilo halikuwa na mahali pa kutokea kwenye sentensi ya kwanza.

Mtego wa pili ni ile a- ya mbele ya kitenzi. "Anathibitisha idadi." Yupi? Kwenye kisa chenye wahusika watatu, a- inaweza kuwa yeyote kati yao, na msomaji atachagua amtakaye bila kujua kwamba amechagua. Taja mhusika kwenye kila hatua, hata kama masikio yanakuambia unajirudia. Hati ya mahitaji siyo insha.

Na tukiwa hapohapo, neno "mtumiaji". Hati yenye mhusika mmoja anayeitwa "mtumiaji" haijachambuliwa bado. Mtunza ghala, ofisa mauzo, mhasibu na mkaguzi wote ni watumiaji, na wanachoruhusiwa kufanya hakifanani. Dalili yake huonekana baadaye: siku moja mhasibu anagundua kwamba anaweza kufuta oda, na hakuna anayekumbuka nani alimpa ruhusa hiyo. Hakuna aliyempa. Alipewa "mtumiaji".

Msanidi na mpimaji wanabishana, na wote wana haki

"Mfumo ujibu haraka." Msanidi anasema sekunde tatu ni haraka. Mpimaji anasema siyo. Hakuna wa kuwaamua kwa sababu sentensi yenyewe haina rula.

Maneno ya kuwinda: haraka, rahisi, salama, ya kutosha, inapobidi, na kadhalika. La mwisho ndilo baya zaidi, maana linamwambia msomaji akamilishe orodha kichwani mwake. Kwa kasi, andika kitu kinachopimika: "Mtunza ghala akitafuta oda kwa namba, watumiaji 200 wakiwa ndani kwa wakati mmoja, utafutaji 95 kati ya kila 100 urudishe jibu ndani ya sekunde 2." Tazama kwamba nimeifunga kasi hiyo kwenye hatua maalumu ya kisa maalumu. Kuandika "mfumo mzima ujibu ndani ya sekunde 2" ni kujitia kitanzi, maana ripoti ya mwaka mzima nayo ni sehemu ya mfumo, na hakuna anayeihitaji ndani ya sekunde 2.

Angalia pia "unaweza". "Mfumo unaweza kutuma barua pepe." Una uwezo huo? Unaruhusiwa? Au ni hiari, tukipata muda? Wanaoandika kanuni za intaneti walilikuta tatizo hili kwa Kiingereza, na mwezi Machi 1997 wakatoa RFC 2119, hati fupi isiyo na kazi nyingine zaidi ya kuyapa maana maalumu maneno ya lazima, ya kupendekeza na ya hiari. Fanyeni hivyohivyo kwa Kiswahili kwenye ukurasa wa kwanza wa hati yenu: "lazima" ni lazima, "inafaa" maana yake ukiacha uwe na sababu, "si lazima" ni hiari. Halafu msitumie "unaweza" kabisa.

Wakati mwingine mzozo hauko kwenye kivumishi bali kwenye nomino. Kwa mauzo, "oda" ni kile mteja alichoomba. Kwa ghala, "oda" ni kile kitakachopakiwa leo. Oda moja ya mauzo inaweza kuwa oda tatu za ghala. Tulikaa kikao cha saa mbili tukibishana juu ya kufuta oda kabla ya mtu mmoja kugundua kwamba tunazungumzia vitu viwili. Faharasa ya maneno ishirini, iliyokubaliwa na pande zote, ingetuokoa saa hizo mbili.

Visa mia moja na arobaini, au kisa kimoja kisicho na mwisho

Dalili: hati ni nene, hakuna anayeisoma, na kila skrini ikibadilishwa rangi hati nzima inapitwa na wakati.

Kisa hiki nilikitoa kwenye hati halisi, nikakifupisha kidogo:

*Kutoa bidhaa. 1. Mtumiaji anafungua ukurasa wa Toa. 2. Anachagua bidhaa kwenye orodha inayoshuka. 3. Anaandika idadi kwenye kisanduku. 4. Anabofya kitufe cha kijani. 5. Dirisha la uthibitisho linatokea. 6. Anabofya Sawa. 7. Bidhaa inatolewa.*

Hiki siyo kisa cha matumizi, ni maelezo ya skrini. Hakisemi mtu alikuja kufanya nini. Siku mtakaponunua skana ya kusoma misimbopau kwenye katoni, hatua ya 2 hadi ya 4 zinakufa, ingawa kazi ya ghala haijabadilika hata chembe. Andika nia, acha vitufe kwa atakayechora skrini.

Upande wa pili wa kosa hilihili ni kukatakata. "Kuingia kwenye mfumo" kisa kimoja, "kutafuta bidhaa" kisa kingine, "kubadilisha nenosiri" kingine, mpaka vinafika mia moja na arobaini. Kipimo changu ni hiki: mhusika akimaliza kisa hicho peke yake, anaweza kuinuka kitini akasema kazi imefanyika? Hakuna mtunza ghala aliyerudi nyumbani akajisifu kwamba leo ameingia kwenye mfumo mara kumi. Alistair Cockburn, mwandishi wa vitabu vya visa vya matumizi, alizipanga ngazi za malengo kwa kuzilinganisha na usawa wa bahari: juu mawinguni kuna malengo ya taasisi nzima, chini majini kuna vijihatua, na kwenye usawa wenyewe kuna kazi ambayo mtu mmoja huimaliza kwa mkao mmoja, takriban dakika 2 hadi 20. Visa vyako vingi vikae hapo.

Kisa kile nilikiandika upya hivi:

*Kisa: Kumkabidhi dereva mzigo wa oda*
*Mhusika mkuu: mtunza ghala wa zamu*
*Kichocheo: dereva anafika akiwa na namba ya oda*
*Sharti la awali: mkuu wa mauzo ameshaidhinisha oda*

*1. Mtunza ghala anaitambulisha oda.*
*2. Mfumo unaonyesha bidhaa za oda, idadi na rafu zilipo.*
*3. Mtunza ghala anathibitisha idadi aliyoihesabu ya kila bidhaa.*
*4. Mfumo unapunguza salio na kutoa hati ya makabidhiano.*
*5. Dereva anasaini hati. Mtunza ghala anafunga oda.*

*3a. Kilichopo ni pungufu: mtunza ghala anathibitisha kilichopo, mfumo unaiacha oda wazi kwa kilichobaki na kumjulisha ofisa mauzo.*
*3b. Bidhaa ipo sakafuni lakini haijaingizwa: mtunza ghala anaitoa kama "bila karatasi", mfumo unaidai karatasi mpaka iingizwe.*
*4a. Printa imegoma: mfumo unahifadhi hati, mtunza ghala anampa dereva namba yake.*

Hatua tano. Ile 3b ndiyo daftari la bluu, sasa limepata kwao. Na tazama sharti la awali: kama umesema oda imeshaidhinishwa, usiirudie ndani ya mtiririko kwa "mfumo unakagua kama oda imeidhinishwa". Nikiona hivyo kwenye hati najua mwandishi hajaamua nani analinda mlango huo, na msanidi naye hatajua.

Siku ya maonyesho safi, wiki ya kwanza balaa

Mmeandika njia iliyonyooka tu. Kwenye maonyesho kila mtu hutembea humo, na mtandao nao siku hiyo una adabu.

Chukua kisa, simama kwenye kila hatua, uliza maswali manne: ikikosekana je? Ikichelewa je? Ikitokea mara mbili je? Ikiishia katikati je? Kwenye hatua ya 4 hapo juu, "ikiishia katikati" maana yake salio limepungua na hati haijatoka. "Mara mbili" maana yake mtunza ghala kabonyeza, hakuona kitu, akabonyeza tena. Hilo la pili peke yake limeniletea simu nyingi kuliko mengine yote kwa pamoja.

Utapata njia za kando nyingi kuliko hatua za njia kuu, na kazi haijaharibika. Ndivyo zilivyo kazi za watu. Siyo lazima zote zijengwe. Njia inayotokea mara moja kwa mwaka inaweza kuandikwa "mtunza ghala anampigia msimamizi simu", ikaishia hapo. Lakini iandikwe, ili iwe uamuzi.

Timu zinazofanya kazi kwa hadithi fupi za watumiaji hukutana na dalili hii kwa umbo lingine: tiketi mia tatu, yaani vijikazi vilivyogawiwa timu, zimefungwa, na hakuna anayeweza kusema kama kumkabidhi dereva mzigo kumekamilika. Hadithi fupi ni nzuri kwa kugawana kazi. Ila zinakatwa vipandevipande, na njia za kando hudondoka kwenye mikato. Weka kisa kizima ukutani, kisha andika pembeni ya kila hatua tiketi inayoihusu. Hatua isiyo na tiketi itajionyesha yenyewe. Na kwenye ule mtindo wa "kama fulani, nataka hiki, ili kile", soma sehemu ya "ili" peke yake. "Kama mtunza ghala, nataka kitufe cha kutoa, ili niweze kutoa." Aliyeandika hivyo alikuwa anajaza fomu.

Kipengele kipo, hakuna anayejua kwa nini, na hakuna anayethubutu kukigusa

Hitaji liliandikwa bila sababu yake na bila jina la aliyelitaka. Likishavuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, linakuwa kama mila.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilipasuka angani katika safari yake ya kwanza, chini ya dakika moja tangu injini kuwashwa. Programu ya kifaa chake cha kupima mwelekeo ilichukuliwa kutoka Ariane 4. Ndani yake kulikuwa na kazi ya kukilinganisha kifaa iliyoachwa iendelee kwa sekunde kama 40 za mwanzo wa safari, kwa sababu kwenye roketi za awali ilirahisisha kurudia hesabu ya uzinduzi ikisitishwa sekunde za mwisho kabisa. Faida hiyo iliwahi kutumika mara moja, mwaka 1989. Ariane 5 haikuihitaji. Lakini kazi iliendelea, na thamani inayotokana na kasi ya mlalo, kubwa kuliko ilivyowahi kuwa kwenye Ariane 4, ilipogeuzwa kutoka biti 64 kwenda namba kamili ya biti 16, ilivuka kikomo cha 32,767. Kifaa kikazima. Cha akiba kilikuwa na programu ileile, na kilikuwa kimeshazima kabla yake.

Tiba ni nafuu ya ajabu: kila hitaji libebe mstari mmoja wa "kwa sababu" na cheo cha mwenye nalo. Unapohamisha mahitaji ya mfumo wa zamani, usinakili vipengele. Nakili sababu, kisha uliza kama bado zipo. Kuna ripoti niliyowahi kuifuta baada ya kugundua kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya idara iliyokuwa imeshavunjwa. Hakuna aliyepiga simu.

Michoro mizuri, hakuna anayeielewa

Hii naipitia haraka. Ivar Jacobson wa Sweden, aliyeanza kuvitumia visa vya matumizi akiwa Ericsson na kuvichapisha mwaka 1987, alivileta kama masimulizi. Mviringo na kikatuni cha mtu vilipata umaarufu zaidi UML, lugha ya michoro ya kuelezea mifumo, ilipokubaliwa kuwa kiwango mwaka 1997, na tangu hapo wapo wanaochora viduara wakidhani wameandika visa. Mchoro ni yaliyomo ya kitabu, siyo kitabu. Kama kikao kinabishana mshale uelekee upande gani kati ya kisa kinachojumuisha kingine na kile kinachokiongezea, futeni mshale muandike sentensi.

"Mahitaji hayatulii"

Tenganisha mambo mawili kabla ya kumlaumu mteja. Je, dunia imebadilika, au sisi tumechelewa kugundua? Kodi mpya ikitangazwa, dunia imebadilika, na hakuna uchambuzi ambao ungelizuia hilo. Lakini mteja akisema mwezi wa sita kwamba kuna mizigo inayorudishwa, mizigo ilikuwa inarudishwa tangu mwanzo. Weka alama hizo mbili kwenye kila ombi la mabadiliko kwa wiki chache. La pili likizidi, rudi kwenye kile kiti cha plastiki.

Orodha ya "nje ya mipaka" nayo husaidia kuliko inavyoonekana. Andika yale ambayo mfumo hautafanya, msomeeni mteja, na muangalie anaruka wapi.

Salio linabadilika saa sita usiku, na hakuna aliyekuwa kazini

Kuna mhusika ambaye hukumtaja kwa sababu hana mikono. Saa ni mhusika: inaanzisha ufungaji wa siku. Mfumo wa uhasibu ni mhusika: unachukua takwimu zako na pengine unazirudisha zimebadilika. Mkaguzi, anayekuja mara moja kwa mwaka kusoma tu, naye ni mhusika. Kumpata kila mmoja, uliza data hii nani anaiingiza, nani anaisoma, nani anairekebisha ikikosewa, nani anaifunga. Swali la kurekebisha ndilo hukosa jibu mara nyingi. Visa vinasema jinsi ya kuingiza mzigo, na havisemi afanyeje aliyeandika 100 badala ya 10.

Utajuaje kwamba umepona

Kisa kilichotibiwa kipeleke kwa anayefanya kazi na umsomee kwa sauti. Usimpe karatasi asaini, watu husaini. Soma polepole, na akikukatiza, nyamaza uandike.

Kile cha kumkabidhi dereva nilimsomea mtunza ghala yuleyule. Alisikiliza mpaka hatua ya 5, akacheka.

"Dereva hasaini mpaka ahesabu mwenyewe," alisema. "Akihesabu akakuta katoni imepungua, na wewe mfumo wako umeshapunguza salio, mimi narudi kwenye daftari."

Hatua ya 4 na ya 5 zikapangwa upya: hati inatoka, dereva anahesabu na kusaini, ndipo salio linapungua. Tukaongeza njia ya kando ya hesabu zikitofautiana. Msanidi alimaliza marekebisho hayo kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu hakuwa ameanza kuandika msimbo wa sehemu hiyo.